Ame, P na wafuasi milioni moja: gemu inayokufundisha kumhesabu mtu

Ukiifungua gemu hii, kinachokutokea mbele yako ni kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako. Rangi zake ni waridi na zambarau, picha zimechorwa kwa pikseli nene za kizamani, na mfumo wake unaitwa Windose, jina ambalo aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta ya ofisini hahitaji kuambiwa limetoka wapi. Kwenye skrini hiyo kuna dirisha la kamera, na humo anaonekana msichana mwenye nywele nyeusi, yuko chumbani kwake, hana raha. Anaitwa Ame. Anataka kuwa maarufu mtandaoni, na wewe ndiye utakayemsimamia. Mna siku 30 za kufikisha wafuasi milioni moja.

Hiyo ndiyo Needy Streamer Overload, gemu ya Kijapani iliyotoka Januari 21, 2022 kwa kompyuta, na baadaye mwaka huohuo ikaingia kwenye Nintendo Switch. Nyumbani kwake Japani inaitwa NEEDY GIRL OVERDOSE. Kwa wanunuzi wa nje jina lilipunguzwa makali, neno la kuzidisha dawa likaondolewa, ingawa dawa zenyewe zimebaki mlemle ndani. Imetolewa na WSS Playground, chapa ya kampuni ndogo iitwayo Why so serious, na hadithi yake imetungwa na Nyalra, mwandishi aliyejulikana Japani kwa makala zake kuhusu maisha ya intaneti na mashabiki wa katuni. Imeuza zaidi ya nakala milioni moja, na hilo kwa gemu iliyotengenezwa na watu wachache, isiyo na bunduki wala mpira wala magari, si jambo dogo.

Wengi wanaoieleza husema ni gemu kuhusu ugonjwa wa akili. Mimi naona hiyo ni nusu ya jibu, na ndiyo nusu inayowapoteza watu. Maumivu ya Ame yapo, yanaonekana tangu siku ya kwanza. Lakini kitu ambacho gemu inakufanya ukifanye kwa mikono yako, saa baada ya saa, ni kupanga kazi: nani afanye nini, saa ngapi, kwa faida gani, kwa gharama gani. Ni gemu ya msimamizi. Na ili kuona kwa nini inamchoma mchezaji kuliko hadithi nyingi za huzuni, inabidi kwanza tuiangalie hiyo kazi inavyokwenda.

Siku moja ya gemu imekatwa vipande vitatu: mchana, jioni na usiku. Kwenye kila kipande unachagua Ame afanye nini. Anaweza kukaa na wewe, kulala, kuzurura mtandaoni, kutoka nje kutembea, au kumeza dawa. Mengine huchukua kipande kimoja, mengine hula zaidi. Laivu hurushwa usiku tu, kwa hiyo ukimlaza mapema usiku huo umekwenda bila kipindi, na bila kipindi wafuasi hawaongezeki.

Kipindi nacho hakitoki hewani tu. Kinahitaji wazo, na mawazo hupatikana kwa yale anayoyafanya mchana. Akitoka kwenda mahali fulani anarudi na mada. Akizama mtandaoni anaibuka na hadithi za ajabu za kueleza watu. Hata dawa zinampa mada. Kuna vipindi vya maongezi tu, vya kucheza gemu, vya uvumi na nadharia za njama, vya kunong'ona karibu na maikrofoni ili wasikilizaji wapate usingizi, na vile vya kuonyesha mwili kidogo ambavyo kila mtu anajua kwa nini vina watazamaji. Kwa hiyo hakuna kitu anachokifanya Ame ambacho si malighafi. Matembezi ni utafiti, kulala ni matengenezo. Hata muda anaokaa na wewe, ambao ungedhani ndio mapumziko yake, umeandikwa kwenye daftari.

Daftari lenyewe ni dirisha dogo lenye namba nne: wafuasi, msongo wa mawazo, mapenzi yake kwako, na giza la nafsi. Hapa ndipo fundo la gemu lilipo, na ni vema tulifungue taratibu.

Mtu akiona namba nne kama hizo hudhani kazi yake ni rahisi: pandisha nzuri, shusha mbaya. Wafuasi na mapenzi juu, msongo na giza chini. Siku za mwanzo inaonekana hivyo hasa. Ila baada ya muda unagundua kwamba namba hizi zimefungwa kwa kamba moja. Kila laivu inaongeza wafuasi na inaongeza msongo. Msongo unashuka akipumzika, lakini akipumzika harushi kipindi, na siku ni 30 tu. Kuna njia za mkato za kuushusha msongo, dawa ikiwa mojawapo, na hizo zinaongeza giza. Giza ungeliogopa moja kwa moja kama lisingekuwa na faida. Lakini mada nyingine hazifunguki mpaka liwe limepanda, na mada hizo ndizo zinazovuta watu. Ame aliyetulia ni mrusha laivu wa kawaida. Ame anayekaribia kuvunjika ana watazamaji.

Mapenzi nayo yana mtego wake. Yakiwa chini, anakuacha. Yakiwa juu sana, hawezi tena kukaa dakika chache bila kuthibitishiwa kwamba unampenda, na miongoni mwa miisho ya gemu kuna unaochochewa na hilohilo, mapenzi yaliyojaa hadi kufurika. Hakuna namba hata moja kati ya nne ambayo ni salama kuipeleka mpaka mwisho wake, na wafuasi wamo.

Kwa hiyo mchezaji hujifunza kumweka Ame katikati. Si mzima, kwa sababu mzima haleti watu. Si mgonjwa sana, kwa sababu mgonjwa sana haamki. Mwenye bodaboda anayejua injini inagonga lakini abiria wa asubuhi ni wengi, akaongeza oili na kusema "ya wiki hii itafika", anaelewa hesabu hii bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba pikipiki haikutumii ujumbe saa nane za usiku kukuuliza kama bado unaipenda.

Na Ame anatuma kweli. Ndani ya ile kompyuta kuna programu ya ujumbe iitwayo Jine, iliyoigizwa kutoka LINE, ambayo kwa Wajapani ni kama WhatsApp ilivyo kwetu. Anakuandikia habari ndogondogo: kachoka, kaona kitu dukani, fulani kamtukana. Unajibu kwa kuchagua sentensi uliyopewa, au kwa kubofya stika. Usipojibu ananuna. Ukijibu kwa stika tu, anaona. Hutungi jibu lako mwenyewe, na hilo limefanywa makusudi: unaona anachohitaji ni mtu wa kuzungumza naye, na wewe umepewa vitufe. Pembeni kuna mtandao wa ujumbe mfupi ambako Ame ana akaunti mbili, moja ya hadharani yenye maneno matamu na nyingine ya siri anakomwaga sumu. Unasoma zote mbili. Wafuasi wanasoma moja.

Hadharani Ame si Ame. Usiku anavaa gauni la riboni na nywele za rangi angavu, anakuwa malaika wa intaneti, yule ambaye toleo la Kiingereza limempa jina refu la kitoto na mashabiki wakalifupisha kuwa KAngel. Sauti inapanda, anatabasamu, anawaita watazamaji wake kwa jina la kundi lao. Komenti zinapita upande wa skrini, nyingine za sifa, nyingine za kubembeleza, nyingine matusi ya wazi. Kazi yako wakati huo ni ya mlinda mlango: unafuta komenti za kuumiza kabla hazijamfikia, unachagua zipi azijibu. Ni sehemu ndogo ya gemu, lakini mimi naiona kuwa yenye akili kuliko zote. Huwezi kufuta zote. Na ukitaka kujua ipi ifutwe, lazima uzisome wewe.

Hapa pana historia ambayo mchezaji wa Kijapani hahitaji kuelezwa. Mei 2020, Kimura Hana, mwanamieleka wa miaka 22 aliyekuwa kwenye kipindi cha televisheni cha maisha ya vijana nyumba moja, alifariki baada ya kumiminiwa matusi mtandaoni. Nchi ilitikisika. Wakati huo adhabu ya kosa la kumtusi mtu hadharani ilikuwa kifungo cha chini ya siku 30 au faini isiyofika yeni 10,000, na mjadala uliofuata ndio uliolifikisha bunge kupitisha mabadiliko Juni 2022: kifungo hadi mwaka mmoja, faini hadi yeni 300,000. Gemu ya Ame ilitoka miezi mitano kabla ya sheria hiyo kupita, katikati ya mjadala wenyewe. Sisemi ilitungwa kwa ajili hiyo. Nasema aliyeicheza Tokyo mwaka ule alikuwa anafuta komenti zile huku habari hizo ziko magazetini.

Sasa turudi kwako, msimamizi. Katika gemu unaitwa P. Herufi moja tu. Huna sura, huna sauti, hujulikani umri wala kazi. Ame anakuita kwa upendo na anakutegemea kwa kila kitu. P ni kifupi cha prodyuza, na kwa mashabiki wa Japani herufi hiyo ina mizizi yake. Mwaka 2005 kampuni ya Namco ilitoa The Idolmaster, gemu ya kumlea mwimbaji chipukizi mpaka awe nyota, na ndani yake mchezaji ni prodyuza. Mashabiki wakaanza kujiita hivyo wao kwa wao, herufi P ikibandikwa nyuma ya jina la mtu. Nyuma zaidi, mwaka 1991, Gainax ilitoa Princess Maker, ambamo mchezaji anamlea binti: anampangia masomo, vibarua na likizo, na namba za nguvu, akili na uchovu zinapanda na kushuka mpaka siku ya mwisho inapoamua atakuwa nani. Ratiba, namba, miisho mingi. Ame ni mjukuu halali wa ukoo huo.

Kwa miaka thelathini gemu za kulea zimemzoeza mchezaji kuamini kitu kimoja: ukiwa mlezi makini, namba zako zikiwa safi, mtoto atafika mbali na atakushukuru. Uchovu ulikuwepo, lakini ulikuwa tatizo la ratiba, ukimpa likizo wiki moja umekwisha. Nyalra na wenzake wameichukua mashine ileile, hawakubadilisha karibu chochote katika ufundi wake, wakamweka ndani yake mtu ambaye uchovu wake hauishi kwa likizo. Ile raha ya kupanga vizuri bado unaipata, tena sana. Unajikuta unafurahi kwamba leo umepata mchanganyiko mzuri wa dawa, matembezi na laivu, wafuasi elfu kadhaa, msongo umebaki chini ya mstari. Kisha unaliona neno "dawa" katika sentensi uliyoiwaza wewe mwenyewe.

Ndiyo maana nasema kuiita gemu ya ugonjwa wa akili kunawapoteza watu. Ukiiita hivyo, tatizo linakuwa la Ame, liko kichwani mwake, na wewe ni mtazamaji mwenye huruma. Gemu haikuachi ukae hapo. Msongo wake, kwa jinsi ulivyowekwa kwenye mashine, ni gharama ya uzalishaji, na anayeamua uzalishaji uwe kiasi gani ni mwenye kipanya.

Sura ya Ame nayo ina kwao. Kwenye 2channel, jukwaa kubwa la Kijapani lililoanzishwa mwaka 1999, kulikuwa na ukumbi wa mambo ya afya ya akili, na walioshinda humo wakapewa jina la mkato, menhera. Mwanzoni lilikuwa jina la ukumbi. Likawa la kejeli dhidi ya wasichana wanaodaiwa kung'ang'ania wapenzi na kujiumiza. Baadaye wasichana wenyewe wakaligeuza kuwa mtindo: nguo za waridi na nyeusi, riboni, bandeji na vidonge vilivyochorwa kama mapambo, macho yaliyopakwa yaonekane yamelia. Kabukicho, mtaa wa starehe ulioko Shinjuku, una eneo kando ya jengo la sinema la Toho ambako vijana waliokimbia makwao wamekuwa wakikusanyika, na kuzidisha dawa zinazouzwa dukani bila cheti cha daktari limekuwa miongoni mwa mambo ambayo vyombo vya habari vya Japani vinayaripoti kutoka hapo. Gemu inachota humohumo. Majina ya dawa za Ame yamepindwa kidogo tu kutoka majina ya dawa halisi za wasiwasi na usingizi, kiasi kwamba anayezijua anazijua.

Muziki wake umetoka kisima hichohicho. Wimbo wa gemu umetengenezwa na Aiobahn, prodyuza Mkorea, na kuimbwa na KOTOKO, mwanamke aliyekuwa akiimba nyimbo za gemu za kompyuta tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile za kasi ya kichaa, sauti ya juu na maneno yasiyotulia. Watu wa rika la Nyalra walikua nazo. Wimbo wa pili wa watu haohao, uliotoka 2023, unawaambia wasikilizaji waache intaneti, na ulisambaa kwenye intaneti kuliko gemu yenyewe.

Lakini tusiibwage habari yote Shinjuku. Mavazi ni ya Kijapani. Uchumi ulio chini ya mavazi uko kila mahali penye bando. YouTube ilianzisha mwaka 2017 utaratibu wa mtazamaji kulipa ili komenti yake ing'ae na kukaa juu ya nyingine, na katika malipo hayo mrusha laivu hupata takriban asilimia 70. TikTok ina zawadi zake, waridi la sarafu moja mpaka simba wa maelfu. Aliyewahi kukesha kwenye laivu za Nairobi au Dar es Salaam ameliona soko hili likifanya kazi: wawili wanashindanishwa, saa inahesabu kurudi nyuma, mashabiki wanaombwa wasimwangushe mtu wao, na anayelia au kugombana hupata kuliko anayeongea kwa utulivu. Hakuna aliyewafundisha kulia. Namba ndizo zilizowafundisha.

Kinachouzwa pale ni ukaribu. Mwaka 1956 wasomi wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu watangazaji wa televisheni waliokuwa wakitazama kamera moja kwa moja na kuongea kana kwamba wako sebuleni kwa mtu. Wakaonyesha kwamba mtazamaji hujenga urafiki wa kweli moyoni mwake na mtu asiyejua kama yeye yupo. Laivu ya leo imeongeza kitu ambacho televisheni ile haikuwa nacho: mtangazaji anaweza kulisoma jina lako. Mara moja tu, kwa sekunde mbili, kwa bei fulani. Uhusiano bado ni wa upande mmoja, ila sasa una dirisha dogo linalofunguka ukilipa, na anayekaa nyuma ya dirisha hilo kila usiku ni mtu anayechoka. Ame anawapenda watazamaji wake na anawachukia, mara nyingi ndani ya saa moja, na gemu haioni haja ya kuchagua kipi ni cha kweli.

Miisho ya gemu inazidi 20. Kucheza mara moja toka siku ya kwanza mpaka mwisho ni saa chache tu, na mara nyingi hutafika hata siku ya 30, kwa sababu namba mojawapo imevuka mstari na hadithi imekatika. Kuna mwisho ambao Ame anakuacha. Kuna ambao watazamaji wanamgeuka, ambao anapotelea kwenye imani za ajabu, ambao anaachana na mtandao. Kuna miisho ambayo anapoteza maisha, na gemu inaonya mwanzoni kabisa, kabla hujabofya chochote, kwamba humu mna mambo hayo. Onyo hilo si la mapambo, na anayepita kipindi kigumu afadhali aiache.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kufikisha milioni moja si kushinda. Wachezaji wa mara ya kwanza hukimbilia kwenye maelekezo ya wenzao wakitafuta "mwisho mzuri", na hurudi na orodha ya miisho mibaya yenye ladha tofauti. Wengine hukasirika, wakaona mtunzi amewaonea. Mimi nadhani mtunzi amekuwa mwaminifu kwa hesabu aliyoiweka. Milioni moja ilikuwa lengo la nani? Gemu ilikupa namba hiyo siku ya kwanza, nawe ukaipokea bila kuuliza, kama mfanyakazi mpya anavyopokea lengo la mauzo la mwezi. Hakuna mahali ilipoahidiwa kwamba namba hiyo ikifika msongo utayeyuka. Ni sisi tuliojazia ahadi hiyo, kwa mazoea ya gemu nyingine na pengine ya maisha.

Wanaoipinga wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema gemu hii imeipamba shida: Ame ni mzuri wa kutazama hata anapoumia, na mateso yake yamepakwa rangi za peremende. Hoja hiyo inapata nguvu ukiangalia kilichofuata. Sura ya malaika yule imechapishwa kwenye fulana, imefinyangwa sanamu, imevaliwa na mashabiki kwenye maonyesho ya katuni, na katuni ya televisheni ikatangazwa. Wengi wanaomjua hawajawahi kuicheza gemu. Wanajua wimbo na sura. Kwa maneno mengine, kilichompata Ame ndani ya hadithi kimempata nje yake pia: yule wa hadharani amemmeza yule wa chumbani.

Je, hilo ni kosa la gemu? Kwa sehemu, ndiyo. Kuna vipindi, hasa vile vya dawa zinazochezea rangi na sauti za skrini, ambapo gemu inafurahia inachodai kukionya, na mchezaji wa miaka kumi na sita hatatoka pale na onyo. Lakini uzuri wa Ame una kazi katika hesabu. Angekuwa hapendezi kumtazama usingemtazama, na usingejua jinsi ilivyo rahisi kumtazama mtu anaumia na bado ukataka kuona kesho itakuwaje. Watetezi wa gemu wanakosea wanaposema haina lawama yoyote. Wapinzani wanakosea wanaposema ingekuwa bora kama isingependeza macho.

Lipo jambo moja lililobaki, na anayetaka kuicheza mwenyewe aishie hapa.

Ukishapita miisho mingine yote, gemu inakufungulia ya siri. Faili ambalo halikuwa likisomeka linasomeka, na jambo ambalo gemu ilikuwa imelidokeza pembenipembeni linakaa wazi zaidi: huenda P hayupo. Hakuna prodyuza, hakuna mpenzi chumbani. Yuko Ame peke yake, na P ni mtu aliyemtunga kichwani ili awe na wa kumwambia.

Ukiirudia gemu ukiwa na wazo hilo, vitu vingi vilivyoonekana kama mipaka ya kawaida ya gemu vinapata maelezo. P hana sura kwenye kamera kwa sababu kwenye kiti kile kuna mtu mmoja. P hasemi, hubofya tu. Majibu ya Jine yalikuwa machache na mafupi kwa sababu yalikuwa yale ambayo Ame angeweza kujiwazia. Akaunti ya siri ulikuwa unaisoma kwa sababu ni yake. Na lile daftari la namba nne, wafuasi, msongo, mapenzi, giza, halikuwa la msimamizi katili aliyemgeuza msichana kuwa kiwanda. Alikuwa akilijaza mwenyewe. Ame alijigawa akawa mfanyakazi na bosi, na bosi akampa ratiba ya vipande vitatu kwa siku, usiku ukiwa wa laivu.

Kusoma hivyo hakumwondolei mchezaji lawama, kama wengine wanavyodai huku wakishusha pumzi. Kunahamisha swali tu. Prodyuza wa kweli, hata akiwa mbaya, anaweza kufukuzwa kazi. Kuna mikataba, kuna ndugu, kuna polisi. Anayejisimamia mwenyewe kwa simu yake, kila usiku, kwa namba ambazo kampuni ya mbali imeziweka kwenye kona ya skrini, hana wa kumfukuza. Na hao ndio walio wengi: Shinjuku, Kariakoo, Eastleigh, hakuna prodyuza wala mkataba, kuna pete ya taa na mtu mmoja anayesoma komenti zake mwenyewe ili ajue ipi aifute.